Seli za njia ya hewa hazitoi musini: anzia kwenye utando, praima iwe ya mwisho

Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaootesha seli za utando wa njia ya hewa hapa Moshi na Arusha, kisha wanapima jeni za musini (protini zinazotengeneza ute) kwa qPCR, yaani PCR inayopima wingi wa jeni. Nimeupanga kwa kufuata malalamiko yanayorudi kila kundi jipya la wanafunzi wa uzamili linapoingia maabara: Ct (mzunguko wa PCR ambapo ishara huanza kuonekana; ikiwa juu, jeni ni kidogo) haisomeki, IL-13 (molekuli ya mwili inayochochea ute) haifanyi kitu, maji yanarudi juu ya utando, kontroli (seli ambazo hazikuchochewa) imepanda kuliko sampuli. Mara nyingi mtu anakuja na malalamiko hayo akiwa ameshaagiza praima mpya (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR), amezisubiri wiki kadhaa zipite Dar es Salaam, na zilipofika tatizo limebaki palepale.

Namba inayotoka kwenye mashine ya PCR ni mwisho wa kazi ya mwezi mzima. Hitilafu nyingi huwa zimeshatokea siku nyingi nyuma, kwenye inkubeta na kwenye chupa ya midia (kimiminika cha kulishia seli). Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu: seli kwanza, midia na gesi pili, RNA tatu, praima mwisho. Ukianza na praima unachoma pesa ya mradi.

Hali ya kawaida ikoje

Huwezi kutambua ugonjwa kama hujui uzima. Seli zilizotoka moja kwa moja kwenye bronchi za mtu hupandwa kwenye vikombe vyenye utando wa matundu ya mikromita 0.4 uliopakwa kolajeni, laki moja hadi mbili kwa kila sentimita ya mraba. Zikishajaa na kugusana kila mahali, midia ya juu huondolewa, seli zikabaki na hewa juu na midia chini. Ute huanza kuonekana karibu na wiki ya pili, silia (vinyweleo vinavyosukuma ute) huanza kupiga kuelekea wiki ya tatu, na watu wengi huvuna RNA kati ya siku ya 21 na ya 28 tangu seli zipate hewa.

Jeni mbili zinazotuhusu zaidi ni MUC5AC na MUC5B. Zote ziko kwenye kromosomu ya 11, na protini zake ndizo zinazoufanya ute uwe mzito na wa kuvutika. MUC5AC ndiyo inayopanda sana kwenye pumu na kwa mtu anayevuta moshi, na ndiyo maana tunaohangaika na mapafu ya akina mama wanaopikia kuni tunaitafuta. MUC1, MUC4 na MUC16 hukaa zimeshikamana na uso wa seli. Usizitumie kama mbadala.

Dalili: MUC5AC haisomeki, au Ct inapita 35

Kabla ya yote tazama jeni ya rejea (ile isiyotakiwa kubadilika, ya kulinganishia) kwenye sampuli ileile. Kama nayo imechelewa, huna tatizo la musini, una tatizo la RNA au cDNA (nakala ya DNA inayotengenezwa kutoka kwenye RNA). Ruka uende kwenye sehemu ya RNA hapo chini. Kama rejea iko vizuri na MUC5AC peke yake ndiyo haionekani, endelea hapa.

Kisababishi cha kwanza kwa wingi ni haraka. Mtu anavuna siku ya 10 kwa sababu semina imekaribia. Seli za gobleti (zinazotoa ute) bado hazijaundwa, kwa hiyo hakuna cha kupima. Angalia daftari: siku zihesabiwe tangu hewa ilipogusa seli, siyo tangu zilipopandwa. Kisha weka kikombe chini ya hadubini. Kama huoni silia hata moja inayopiga na uso ni mkavu, usivune. Subiri.

Cha pili ni asidi ya retinoiki, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayoua majaribio mengi kimyakimya. Bila asidi hii seli hazigeuki kuwa seli za ute wala za silia. Zinakwenda njia nyingine kabisa: zinatanuka, zinakuwa bapa, zinapandana tabaka juu ya tabaka kama magamba ya samaki, na jeni za musini zinazimika. Tabaka halifi, ndiyo hatari yake. Linaonekana lina afya, limejaa, hata upinzani wa umeme unaweza kusomeka. Ila halitatoa ute hata ukisubiri miezi miwili.

Kiwango kinachotumika sana ni nanomola 50 hivi. Tatizo kwa kawaida haliko kwenye hesabu, liko kwenye utunzaji. Asidi ya retinoiki inaharibiwa na mwanga, joto na hewa. Ukiiacha chupa mezani karibu na dirisha linaloangalia mlima wakati unapanga vikombe, umeshapoteza sehemu yake. Fanya hivi: akiba igawe kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, vifunge kwa karatasi ya aluminiamu, viweke kwenye friza ya nyuzi −80. Ongeza kwenye midia siku unayotumia. Zima taa ya kabati ukiweza, na midia iliyokwisha kuchanganywa usiiweke zaidi ya wiki moja au mbili. Kama friza ilipoteza umeme usiku kucha na hakuna aliyeandika, chukulia akiba hiyo imekwisha.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: vikombe vitatu vya mtu yuleyule vipate asidi mpya, vitatu vibaki na ile ya zamani, kisha pima MUC5AC pamoja na SPRR1B, jeni ya seli za magamba. SPRR1B ikiwa juu na MUC5AC chini, tabaka lako limegeuka magamba. Tabaka lililokwisha kugeuka hivyo litupe, panda upya. Kulirudisha ni kupoteza muda na midia.

Cha tatu ni aina ya seli. BEAS-2B, aina ya seli za bronchi za maabara, ni maarufu na huota bila shida, lakini musini yake ni kidogo sana, na ukiiweka kwenye seramu inaelekea kwenye magamba. A549 asili yake ni uvimbe wa vifuko vya hewa, siyo bronchi. Kama bajeti hairuhusu seli za msingi (zilizotoka moja kwa moja kwa mtu), NCI-H292 ndiyo hutumika sana kwa MUC5AC: inyime seramu kwa saa 24, kisha ichochee kwa EGF au TGF-alfa, vichocheo vya ukuaji wa seli. Hata mwenye seli za msingi namshauri awe na H292 kwenye friza, iwe kontroli chanya ya praima zake. RNA ya H292 iliyochochewa ikisomeka vizuri, praima hazina kosa, na ubishi wote kuhusu praima unaishia hapo.

Cha nne, umri wa seli. Pasaji ya 2 au ya 3 ni nzuri. Ukizidi hapo uwezo wa kugeuka unashuka haraka. Muulize aliyekupa kichupa imepandikizwa mara ngapi, usikisie kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Cha tano, haidrokotisoni. Midia nyingi za aina hii zina steroidi kidogo ndani yake, na steroidi hushusha MUC5AC. Ukibadilisha midia katikati ya mradi, ukalinganisha kundi la mwezi wa tatu na la mwezi wa sita, tofauti unayoiona inaweza kuwa ya steroidi tu.

Baada ya hayo yote ndipo uifikirie cDNA na praima. RNA ya MUC5AC ni ndefu mno, kama besi elfu 17. Ukitumia oligo-dT peke yake, kimeng'enya kinaanzia mkiani na mara nyingi hakifiki kichwani. Kama praima zako zinakaa upande wa mwanzo wa jeni, utaona kidogo au hutaona kitu. Tumia heksama nasibu (praima fupi zinazoshika popote kwenye RNA), au mchanganyiko wa zote mbili, au chagua praima za upande wa mwisho.

Dalili: midia inabaki ya waridi iliyokolea, au inageuka njano kabla ya wakati

Rangi ya midia ni kipimo cha bure, kiangalie kila asubuhi kabla hujafungua mlango zaidi ya mara moja. Njano ndani ya siku moja maana yake asidi imezidi: seli ni nyingi kuliko midia, au kuna bakteria. Kama imetibuka, ni bakteria. Kama ni safi na seli zimejaa sana, badilisha midia kila siku badala ya kila baada ya siku mbili. Tabaka lililokomaa lina njaa, hilo ni jambo la kawaida.

Waridi iliyokolea kuelekea zambarau ndiyo malalamiko makubwa ya huku kwetu. Sababu kwa mpangilio wa wingi: mtungi wa CO2 umeisha, mpira wa gesi umelegea, mlango unafunguliwa ovyo, kipima gesi kimepoteza usahihi. Anza na geji ya mtungi. Kumbuka CO2 hukaa kama kimiminika ndani ya mtungi, kwa hiyo sindano husimama palepale karibu mpaka mwisho halafu inaporomoka kwa ghafla. Pima mtungi kwa uzito, usiiamini sindano. Mtungi wa akiba uwe umejaa na uko ndani ya jengo, usiwe kwa muuzaji.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vilivyoandikwa usawa wa bahari havilisemi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Moshi kama 800 hadi 900. Shinikizo la hewa Arusha ni kilopaskali 86 hivi, wakati pwani ni 101. Asilimia 5 ya 101 ni 5.1, asilimia 5 ya 86 ni 4.3. Kinachoamua pH ya midia yenye bikaboneti ni shinikizo la CO2 lenyewe, siyo asilimia iliyoandikwa kwenye kioo. Kwa hesabu hiyo midia ya Arusha ikiwa kwenye asilimia 5 kamili inakaa na pH ya juu kwa takriban 0.07 kuliko ya Dar. Moshi tofauti ni ndogo zaidi. Kwa H292 huenda usione athari. Kwa seli za msingi zinazokaa humo wiki nne, na hasa unapolinganisha matokeo yako na ya maabara ya pwani au ya ng'ambo, jambo hili linastahili kushughulikiwa.

Lakini usikimbilie kupandisha asilimia hadi 5.9. Baadhi ya vipima vya infraredi husoma wingi wa molekuli, na kama havikuwekewa mwinuko wa mahali, inkubeta huenda tayari inaongeza gesi yenyewe. Nyingine zina sehemu ya kuingiza mwinuko kwenye mipangilio. Kipimo cha kweli ni midia: weka sahani yenye midia bila seli usiku kucha, mfuniko umelegezwa, asubuhi pima pH haraka kabla gesi haijatoka. Ikiwa kati ya 7.2 na 7.4, acha kila kitu kama kilivyo.

Umeme ukicheza au ukikatika, funga mlango wa inkubeta na usiufungue. Inkubeta nzuri hushikilia joto kwa muda, na jenereta ikichelewa dakika chache seli hazidhuriki. Kinachodhuru ni watu watatu kufungua kwa zamu kuangalia kama seli ziko salama. Andika saa umeme ulipokatika na uliporudi, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Karatasi hiyo ndiyo itakayoeleza Ct zako baada ya mwezi.

Maji ya trei ya unyevu yawe yaliyotoneshwa na kuchemshwa kwa otoklevu. Maji ya bomba ya upande wa Meru yana floridi na chumvi nyinginezo. Huacha ukoko kwenye chuma na ni karamu ya fangasi. Masika ikianza, badilisha trei kila wiki bila kusubiri kuona doa.

*Simama hapa:* kama unasikia gesi inavuja kwenye regyuleta, au watu wawili chumbani wanalalamika kichwa kuuma na kuhema, funga valvu kama unaifikia bila kukaa humo, fungua madirisha, tokeni wote, mwite fundi wa gesi. CO2 haina harufu na hukaa chini. Usirekebishe regyuleta kwa spana ya kuazima.

Dalili: maji yanarudi juu ya utando baada ya kuacha hewani

Tofautisha kwanza. Ute unavutika, unashika ncha ya pipeti, hauna rangi ya midia. Uvujaji ni majimaji ya waridi yanayorudi saa chache baada ya kuyaondoa. Ute ukiuona wiki ya pili, furahi.

Uvujaji wa kweli kwa kawaida ni wa seli kuachwa hewani kabla hazijajaa. Pima upinzani wa umeme, unaoonyesha kama tabaka limeziba. Chukua usomaji, toa wa kikombe kitupu, zidisha kwa eneo la utando. Mfano: mashine inasoma ohm 1,150, kikombe kitupu 150, kikombe ni cha milimita 6.5 chenye sentimita za mraba 0.33: (1,150 − 150) × 0.33 = 330. Tabaka lililofunga vizuri kwa kawaida hupita 300. Vikombe vyote viwe vimefikia joto la chumba, maana kikombe baridi kinasoma juu na kukudanganya.

Sababu inayofuata ni mkono. Ncha ya pipeti ikigusa katikati ya utando inaacha tundu usiloliona. Iegemeze ukutani mwa kikombe, inamisha sahani, vuta taratibu. Pampu ya kunyonya usiitumie kabisa upande wa juu. Nyingine ni povu la hewa lililonaswa chini ya utando: seli zilizo juu ya povu hukosa chakula na kufa kwa duara. Weka kikombe kwa mshazari, povu litatoka lenyewe.

Kikombe kimoja kikivuja, kitoe kwenye hesabu. Vikivuja vyote siku moja, tatizo ni kolajeni au seli, usipoteze muda kuviuguza.

Dalili: kontroli nayo ina MUC5AC ya juu

Dalili hii inawakatisha watu tamaa kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kimefanya kazi. Jeni ya MUC5AC ni kengele ya hatari ya seli. Inaitikia EGF, TNF-alfa, sumu ya bakteria, moshi wa sigara, akroleini, hata upungufu wa oksijeni. Kwa hiyo jiulize nini kinazisumbua seli zako ambazo hukuzigusa.

Mikoplasma ndiyo ya kwanza kushukiwa. Haitibui midia, haibadilishi rangi haraka, huipati kwa hadubini ya kawaida, na inaweza kupenya kichujio cha mikromita 0.2. Antibiotiki za kawaida za aina ya penisilini haziigusi kwa kuwa haina ukuta wa seli. Pima kwa PCR kila mwezi, na kila kichupa kipya kinachoingia kikae karantini mpaka jibu litoke, hata kama kimetoka kwa rafiki unayemwamini.

Pili ni mtu aliyetoa seli. Seli za mwenye pumu au mvutaji huweza kubeba tabia zao mpaka kwenye kikombe. Huyo si kasoro, ni data, ila lazima ujue historia yake. Na vikombe 6 vya mtu mmoja ni mtu mmoja. Usiviandike kama sampuli 6 huru. Mhakiki yeyote makini atakurudisha.

Tatu, kuosha ute. Ukiosha upande wa juu asubuhi na kuvuna mchana, umezisukasuka seli na zimejibu. Osha vikombe vyote siku iliyotangulia, kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) ya joto la mwili, kwa muda uleule.

Nne, EGF nyingi kwenye midia ya kukuzia iliyotumika kimakosa baada ya kuacha hewani. Angalia lebo ya chupa, ni jambo la dakika moja.

Dalili: IL-13 imewekwa, hakuna kilichobadilika

Kawaida ni nanogramu 10 kwa mililita, upande wa chini, ikibadilishwa kila midia inapobadilishwa, kwa wiki moja hadi mbili. Kuweka saa 24 kwenye tabaka lililokomaa na kutarajia mlipuko ni kuionea molekuli. Njia yake ni ndefu, inapita kwenye protini zinazoongoza jeni: STAT6 inawashwa, SPDEF inapanda, FOXA2 inashuka, halafu seli zenyewe zinageuka kuwa za gobleti.

Badala ya kubishana, pima CLCA1 kwenye RNA hiyohiyo. Jeni hii inaitikia IL-13 kwa nguvu sana. CLCA1 ikipanda na MUC5AC ikabaki chini, IL-13 ilifika; tatizo liko kwenye praima za MUC5AC au kwenye muda. CLCA1 isipopanda, IL-13 yako imekufa au haikufika. Imekufaje? Kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, kuhifadhiwa bila albumini ikanata yote kwenye plastiki, au barafu kavu kuisha mzigo ukiwa umekwama njiani. Pia angalia kama si ya panya.

MUC5B ikishuka wakati MUC5AC inapanda, usimtafute mchawi. Ndivyo IL-13 inavyofanya.

Dalili: RNA ni kidogo au chafu

Ute unaotuvutia ndio unaotuharibia RNA. Unafunika seli, kiyeyushi hakifiki, na sukari zake zinapita hadi mwisho na kuzuia vimeng'enya. Siku iliyotangulia kuvuna, osha upande wa juu mara mbili au tatu kwa PBS ya nyuzi 37, ukiiacha dakika 20 kila mara. Ute ukigoma, ongeza DTT (kemikali inayolegeza ute) ya milimola chache kwa muda mfupi, kwa makundi yote sawasawa.

Uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi wa RNA, uwe karibu na 2.0. Wa 260/230 ukiwa chini ya 1.5, kuna guanidini au sukari zimebaki. Rudia hatua ya kuosha safu kwa ethanoli. Kujua kama cDNA ina kizuizi, ipunguze mara 10 na usome tena. Ct inapaswa kusogea kama 3.3. Ikisogea 2 tu au isisogee, kuna kizuizi, na namba zote za sahani hiyo hazifai.

*Onyo kubwa:* TRIzol (kimiminika cha kutoa RNA) na vimiminika vingine vyenye guanidini thayosayaneti visichanganywe na jiki kamwe, hata kwenye ndoo ya taka. Mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sayanidi. Hili liambie hata kundi la usafi, maana wao ndio humwaga jiki kila mahali jioni. Ikitokea, tokeni chumbani, fungeni mlango, mwite afisa usalama wa maabara. TRIzol ikigusa ngozi, fenoli iliyomo inaunguza huku ikikutia ganzi: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, nenda hospitali hata kama husikii maumivu.

Dalili: mchoro wa kuyeyuka (kwa DNA iliyotoka kwenye PCR) una vilele viwili, au kontroli isiyo na cDNA inatoa ishara

Maji (kontroli isiyo na cDNA) yakitoa ishara, tupa maji, tupa mchanganyiko, fungua vichupa vipya. Kontroli isiyopitia kimeng'enya cha kugeuza RNA ikitoa Ct iliyo karibu na ya sampuli, una DNA ya jenomu, rudia DNase, kimeng'enya cha kuiondoa.

Vilele viwili kwa MUC5AC mara nyingi vinatoka kwenye sehemu ya katikati ya jeni, yenye marudio mafupi ya asidi amino 8 yanayojirudia mno. Praima zikitua hapo zinashika popote. Vilevile sehemu zenye sisteini nyingi za MUC5AC na MUC5B zinafanana, na praima za moja hushika nyingine. Mkusanyiko wa zamani wa jenomu ya binadamu ulikuwa na pengo pale MUC5AC ilipo, kwa hiyo praima ulizozinakili kwenye makala za zamani zikague upya dhidi ya mkusanyiko mpya. Ufanisi uwe kati ya asilimia 90 na 110.

GAPDH peke yake isiwe rejea. Ni kimeng'enya cha kuvunja sukari na hupanda oksijeni ikipungua, kwa hiyo kulinganisha seli zilizofunikwa na midia na zilizo hewani kwa GAPDH ni kupima kwa rula inayorefuka. Tumia mbili au zaidi, mfano HPRT1 na TBP, baada ya kuhakikisha hazisogei kwenye majaribio yako.

Dalili: RNA imepanda, protini haionekani

Musini ni kubwa kupita kiasi, haiingii kwenye jeli ya kawaida ya akrilamaidi, inabaki mlangoni. Tumia jeli ya agarozi, au madoa kwenye utando, au ELISA. Kumbuka protini iko sehemu mbili: ndani ya seli na kwenye ute ulioumwaga wakati wa kuosha. Kusanya vyote. Soma pia karatasi ya kingamwili, kwani baadhi hazitambui musini iliyokatwa kwa DTT. Kwa jicho tu, rangi ya Alsiani buluu na PAS kwenye kipande cha utando itakuonyesha gobleti zilizojaa kwa siku moja.

Mahali ambapo kazi yako inaishia

Kabati la usalama likitoa kengele ya mtiririko wa hewa, funga kazi, funika sahani, usilitumie hata "kwa dakika tano". Kichujio cha HEPA hubadilishwa na kupimwa na fundi mwenye cheti, naye asiguse kabla kabati halijatakaswa. Otoklevu yenye mfuniko unaovuja mvuke isifungwe kwa nguvu. Izime, iache ipoe, ita fundi.

Seli zilizosuguliwa puani au kwenye bronchi za mgonjwa zinaweza kuja na kifua kikuu. Mkoa wa Kilimanjaro wenyewe una hospitali ya Kibong'oto kule Siha inayohudumia wagonjwa hao. Si jambo la kufikirika tu. Kama hali ya mgonjwa haijulikani, au jibu la makohozi limekuja chanya baada ya wewe kupanda seli, usifungue sahani. Ifunge, weka alama, mpigie afisa usalama wa kibiolojia, na waliozishika seli hizo wote waandikishwe kwa uchunguzi. Na sampuli za watu zisianze kukusanywa kabla kibali cha maadili hakijatoka, hata kama mgonjwa ni ndugu yako na amekubali kwa mdomo.

Nitrojeni ya kimiminika isibebwe kwenye lifti ukiwa ndani, wala kwenye gari lililofungwa vioo. Kichupa kilichozama kwenye nitrojeni kinaweza kulipuka kikitolewa, kwa hiyo vaa ngao ya uso nzima, miwani haitoshi. Mtu akianguka chumba cha nitrojeni, usimkimbilie ndani. Wengi hufa wakimfuata wa kwanza. Fungua mlango ubaki wazi, piga kelele upate msaada, piga 114 kwa zimamoto, na asiingie mtu bila kifaa cha kupumulia.